Kipima rangi na sashe ya mkate

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi nilikuwa bado mtu wa kuheshimiwa. Saa nne kasoro dakika tano sikuwa tena. Yote yametokea leo, na nitayaeleza kwa utaratibu, maana utaratibu ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Mnajua nina studio ya picha kwenye barabara ya Munigi. Mambo ya rangi nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa na kwa kuharibu karatasi miaka sita. Sichapi kwa kukisia. Nina kifaa kidogo cha kupima rangi, kinaenea kiganjani. Nikinunua karatasi ya aina mpya, nachapa juu yake mamia ya miraba ya rangi, napitisha kifaa mstari kwa mstari, na kompyuta inatengeneza faili ya kuielekeza printa namna ya kumwaga wino kwenye karatasi hiyo. Tunaiita profaili. (Kwa sababu ya maelezo kama haya, wapiga picha wenzangu kwenye kikundi chetu cha WhatsApp wananiita Profesa. Nilidhani ni sifa.)

Kazi ya leo ilikuwa ya Mama Masika, anayeuza vitenge. Wazazi wake wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa ya jubile ilikuwa saa tano, na picha yao kubwa ilipaswa kusimama mbele ya altare ibarikiwe. Alikuwa ameichapisha kwanza mahali pengine, baba yake akatoka mwekundu kama mtu aliyekasirika. Ndipo akaja kwangu, nami nikamwambia maneno ambayo leo ningeyarudisha kinywani kwa bei yoyote: "Mama, mimi sitegemei macho. Natumia vipimo."

Miraba nilikuwa nimeichapa jana, wino umekauka vizuri. Nikaweka kifaa kwenye kigae chake cheupe kijisahihishe. Kikakubali. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu kompyuta ikaukataa. Nikarudia, ikaukubali, lakini namba zilinitia wasiwasi. Nikachagua mraba mmoja wa kijivu, nikaupima mara tatu bila kusogeza karatasi. Hamsini na mbili. Arobaini na nane. Hamsini na tano.

Mraba mmoja, namba tatu.

Saa tatu kasoro dakika kumi Mama Masika akaingia, amevaa kitenge cha jubile, akakaa kwenye benchi na mkoba magotini. Nilikuwa nimeshatengeneza profaili kwa namba hizo hizo (nilijiambia huenda zinasahihishana zenyewe, hazisahihishani). Nikamchapia jaribio dogo. Aliliangalia muda mrefu.

"Papa," akasema polepole, "kule muzee alikuwa amekasirika. Hapa iko mugonjwa."

Kweli, alikuwa wa kijani. Mama yake naye alikuwa wa kijani, ila kidogo.

Nikafungua daftari langu la matatizo. Nikaandika kila sababu inayowezekana na kuifuta moja moja. Wino: nimesafisha vichwa vya printa, hapana. Waya: nimebadilisha, hapana. Umeme: kidhibiti kinaonyesha sawa, hapana. Mwanga wa dirisha: nimefunga pazia, hapana. Vumbi: hapana. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Mama Masika alikuwa ameanza kuangalia simu yake, kisha mimi, kisha simu yake.

Ikabaki karatasi. Nilikuwa nimeinunua juzi kule Birere, kwa Muhindo, ambaye sote kwenye kikundi tunanunua kwake. Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Nilituma sauti kwenye kikundi, kwa utulivu wa mtaalamu, nikiwaonya watu wote kwamba karatasi ya Muhindo ni ya uongo na kwamba ninao ushahidi wa namba.

Muhindo naye yumo kwenye kikundi, akaisikia. Alipanda pikipiki akaja mwenyewe na pakiti mpya kwapani. Hakupaza sauti. Aliniomba tu nimpimie karatasi nyeupe tupu kutoka pakiti aliyofungua mbele yetu. Nikaipima mara tatu. Namba tatu tofauti.

"Na hii pia ni ya uongo, Profesa?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kwa nini huenda ndiyo. Wakati huo Mama Masika alisimama, akachukua kifaa mezani, akakigeuza chini juu. Akakikwaruza kwa ukucha. Kikalia kwaru-kwaru.

"Papa Profesa, hii sashe unaitoshaka wakati gani?" akauliza, akiivuta kama anayetaka kuivua.

Mwezi uliopita, malori yalipozidi kupita na vumbi jeusi kujaa studioni, nilikivalisha kifaa sashe, yaani mfuko wa plastiki wa mkate, kama vile sisi sote tunavyovalisha telekomande ya televisheni. Niliikaza kwa utepe wa gundi, nikajipongeza, nikaizoea hadi nikaacha kuiona. Kumbe ilikuwa imefunika hata tundu la kupimia, na kila nilipokisogeza, mikunjo yake ilihama.

Saa nne kasoro dakika tano nikaitoa. Nikapima kijivu mara tatu. Hamsini na moja. Hamsini na moja. Hamsini na moja.

Muhindo alivuta daftari langu, akatafuta kwa kidole, akasoma kwa sauti ya katekista: "Vumbi: hapana. Kifaa kimefunikwa vizuri." Mama Masika akakaa tena, maana kucheka akiwa amesimama kulimshinda.

Nilipima upya miraba yote, nikatengeneza profaili mpya. Saa nne na dakika thelathini na nane picha ikatoka, na muzee alikuwa muzee, mweusi wa ngozi yake, ametulia. Binti yake aliacha kucheka. Alimgusa shavu kwa ncha ya kidole, pembeni, asiharibu wino. Picha ilifika altareni saa tano kasoro dakika chache, juu ya pikipiki, imekumbatiwa na Muhindo yule yule niliyemwita mwongo.

Kwenye kikundi nimeshatuma sauti ya pili, ya kumwomba Muhindo radhi. Msiisikilize mbele ya watoto wangu.

Hesabu ya mwisho: karatasi zilizoharibika, wino, pikipiki ya Muhindo kuja na kurudi, na soda tatu za kuomba msamaha. Jumla dola ishirini na tatu. Sashe yenyewe nilipewa bure, pamoja na mkate.