Uongo Ishirini na Tatu wa Mwenyekiti

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tangazo la kuitwa kwenye usaili limetoka. Jina langu lipo! Sairowua Sakaya, Afisa Mifugo Msaidizi Daraja la Pili. Mtihani wa mchujo ni Arusha, Jumamosi ya tarehe 16. Nafasi ni tano. Walioitwa ni mia moja themanini na wawili. Nimehesabu mara mbili, na ile ya pili haikunisaidia.

Huu ni usaili wangu wa tatu. Wa kwanza nilipeleka nakala za vyeti badala ya vyeti halisi, nikarudishwa getini. Wa pili nilijibu maswali yote sita, kumbe walitaka manne. Yote mawili hayakuwa makosa yangu. Getini palikuwa na mlinzi mkali, na maelekezo yaliandikwa kwa herufi ndogo.

Baba alipiga simu kutoka kwetu Piyaya. Hupanda kilimani kutafuta mtandao, kwa hiyo hapotezi maneno. Kasema hii ndiyo ya mwisho. Nikikosa, nirudi kuchunga, maana mwanamume wa miaka thelathini hawezi kukaa Karatu akila ugali wa dada yake. Kisha akasema ndama wawili wamekufa kwa ugonjwa wa ndigana wiki hii, na mtaalamu wa mifugo aliye karibu ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Akakata. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote.

Kesho naanza kusoma. Ratiba nimeshaichora, kwa kalamu za rangi tatu. Somo la ng'ombe nimeliruka. Mimi ni Mmasai, nimekulia zizini. Wataniuliza nini kuhusu ng'ombe nisichokijua?

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Clemensi naye kaitwa.

Clemensi ni mpangaji mwenzangu, chumba kinachofuata. Mtu wa Rombo, anauza vipuri vya magari, ana stashahada kama yangu. Kwao walikuwa na ng'ombe wawili tu, wa kufungiwa bandani na kuletewa majani kama wagonjwa. Sasa ana madaftari manne yaliyofunikwa kwa nailoni, na anasoma kwa sauti. Ukuta ni mwembamba. Aliponiona alinishika mkono kwa furaha, akasema afadhali tumekuwa wawili, tutasaidiana.

Nimefikiri mchana kutwa. Watu mia moja themanini na mmoja siwezi kuwamaliza, lakini huyu yuko karibu. Mpango: naanzisha kikundi cha kujisomea, mwenyekiti mimi. Mwenyekiti ndiye atakayefundisha. Nitafundisha uongo.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha kwanza, mgahawani kwa dada Nashipai, baada ya mafundi wa gereji kumaliza kula. Clemensi kaja na Bertha, mzaliwa wa hapa hapa Karatu, anayejitolea kwa mtaalamu wa mifugo wa kata. Naye ameitwa kwenye usaili. Sikumwalika mimi. Clemensi ndiye aliyemwalika, kwa wema wake usio na breki.

Uongo wa kwanza: ndigana kali inaenezwa na mbung'o. Niliusema kwa sauti nzito. Clemensi akaandika. Raha iliyoje! Bertha akauliza ni ukurasa wa ngapi. Nikasema hayo ni maarifa ya wafugaji. Akasema wafugaji hawatasahihisha mtihani, na kesho nije na ukurasa. Akaniazima kitabu chake. Kizito.

Kwamba ni kupe najua, Piyaya hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini ni kupe yupi, na ndani yake kuna nini, hilo sikuwahi kuulizwa. Nimelazimika kusoma kurasa sita ili niweze kudanganya. Ratiba imevurugika siku ya kwanza tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenye akili wamekwenda kwenye maonyesho ya wakulima. Sisi tumekutana kwa ajili ya tumbo la ng'ombe.

Tumbo nimelila tangu utoto, ila kwa mpangilio wa sufuria. Sasa kuna vyumba vinne, na huwezi kuvuruga mpangilio usioujua. Nimeukariri tangu asubuhi: rumeni, retikulamu, omasamu, abomasamu. Halafu nikaugeuza na kuusema kinyumenyume bila kusita. Clemensi alinitazama kwa heshima. Baada ya hapo nikawaambia mimba ya ng'ombe ni siku mia tatu na kumi. Kwetu hatuhesabu siku, tunamtazama ng'ombe mwenyewe. Kitabu kinasema ni kama mia mbili themanini na tatu. Basi nalijua, na sina pa kulipeleka.

Nimeanza daftari maalumu. Kushoto Uongo, kulia Ukweli, nisije nikajichanganya. Dada Nashipai kaliona. Akauliza, kama nia yangu ni kudanganya, kwa nini upande wa kulia umejaa zaidi. Nikamwambia haya ni mambo ya mikakati. Akanisukumia masufuria niyaoshe.

Jumapili, 10 Agosti

Leo ilikuwa zamu ya kimeta. Nilipanga kuwaambia kwamba mnyama aliyekufa kwa kimeta hupasuliwa pale pale ili achunguzwe. Nikafungua mdomo, nikashindwa. Nilimkumbuka binamu yangu Ngoyai, aliyesaidia kuchuna mzoga tulipokuwa wadogo, na kidonda cheusi kilichomtoka mkononi. Alipona kwa bahati tu.

Nikawaambia ukweli wote. Usiguse, usipasue, usile, toa taarifa, mzoga uchomwe au ufukiwe kwa kina. Nilieleza nusu saa bila kutazama popote. Bertha hakuuliza ukurasa. Clemensi alisema hajawahi kusikia somo likielezwa vizuri hivyo. Nina roho mbaya, nakubali, lakini haijafika huko. Siku nzima imepita na sijadanganya hata mara moja.

Jumanne, 12 Agosti

Nimechoka kama punda. Nimefika uongo wa kumi na tisa. Bertha hapokei tena uongo wa ovyo ovyo. Lazima ukaribiane na ukweli, na uwe na ukurasa. Nilisema ugonjwa wa miguu na midomo unaletwa na bakteria, akataka jina la bakteria. Nimemaliza sura nzima ya virusi nikitafuta bakteria wa kumsingizia. Hayupo.

Zimebaki siku nne, na sijasoma chochote! Ratiba iko ukutani inanitazama. Baba katuma ujumbe kwa simu ya mwalimu wa kijijini: ndama wa tatu amekufa. Nimeusoma mara nyingi kuliko ulivyohitaji kusomwa. Nikipata kazi nitaomba wanipange huko huko, nikae karibu na zizi lile.

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao cha mwisho, na aibu ya mwaka.

Nilikuwa nimeweka akiba uongo wa ishirini na tatu: kwamba kwenye usaili nakala za vyeti zinatosha. Nikautoa. Clemensi akacheka mpaka machozi, akasema Mwenyekiti hachoki kututega. Nikauliza kutega nini. Bertha akafungua daftari lake. Makosa yangu yote ya nyuma yamo humo, ishirini na mawili, kila moja na ukurasa wake na jibu sahihi. Kumbe tangu siku ya pili waliielewa mbinu yangu! Eti nasema kosa kwa makusudi ili wao wakautafute ukweli. Bertha alisema mtu hawezi kukosea kwa ustadi namna ile kama halijui somo. Wakanipigia makofi. Clemensi alikuwa amenunua soda.

Nilisimama nikashukuru. Ningefanya nini? Siku tisa nimewanoa wapinzani wangu kwa jasho langu mwenyewe.

Jioni nilifunga begi la safari. Dada alisimama mlangoni akauliza vyeti halisi viko wapi. Nikatazama. Nilikuwa nimepanga nakala. Akanipa bahasha aliyokwisha kuiandaa, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vikiwa juu, akageuka akaondoka. Hata mgongo wake ulikuwa na dharau.

Jumamosi, 16 Agosti

Mtihani umekwisha.

Clemensi alikaa mbele yangu. Karatasi zilipogawiwa akainamia ukurasa wa kwanza, dakika nzima, kalamu chini. Nikafurahi. Amekwama! Nikatazama na mimi ukurasa huo nione kilichomkwamisha. Yalikuwa maelekezo: jibu maswali manne tu.

Swali la kwanza, ndigana kali. Kalamu ilijiendea yenyewe. Kupe wa kahawia wa masikioni, kimelea, dalili, josho. Kila swali nililiona kwenye daftari langu, upande wa kulia. Lilipofika la vyumba vya tumbo nikacheka kwa sauti, msimamizi akanionya. Swali la mwisho liliuliza jinsi ya kumsaidia mfugaji anayepoteza ndama. Hilo niliandika kama ninayemwandikia baba, nikaomba karatasi ya ziada.

Nimetoka na huzuni hata hivyo. Mtu aliyesoma asingeandika haraka vile. Wiki ijayo nitakuwa Piyaya na fimbo.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepita!

Bertha alileta habari mgahawani, simu mkononi, kilemba kimemlegea. Kumi na watano wanakwenda kwenye mahojiano. Yeye ni wa kwanza. Clemensi ni wa nne, alama sabini na sita. Mimi ni wa tano, sabini na nne. Nilisoma namba yangu ya usaili tarakimu moja moja, kidole kikiwa juu ya kioo. Dada Nashipai alifunga mgahawa saa saba mchana, wateja wakiwa na njaa, akaja kuketi kando yangu. Nililia kidogo. Naandika bila aibu kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Baba nilimpata alasiri. Nikamsomea alama zangu. Akauliza, hawa ndama waliobaki wafanyweje. Aliniuliza mimi! Nikamweleza kuhusu kupe, waangaliwe wapi, waogeshwe mara ngapi, dalili za kwanza ni zipi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mdogo wangu Supeet ataendelea kuchunga, mimi nikae Karatu mpaka mahojiano yaishe.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Nimepita bila kusoma. Siku zote tisa zilikwenda kwenye hila, na bado nimepata sabini na nne. Kipaji hicho, hakina jina lingine. Ningesoma ningekuwa wapi?

Lakini Clemensi amenizidi alama mbili, na mahojiano ni tarehe 3 Septemba. Lazima aporomoke. Kosa la awamu iliyopita naliona wazi: uongo ulikuwa mchache na mwepesi. Safari hii utafika sitini, wa ndani kabisa, usiopatikana kirahisi. Na kwa kuwa wanadhani ni mbinu ya kufundisha, hawatanishuku. Nimeazima kwa Bertha vitabu vingine viwili, cha chanjo na cha sheria za mifugo. Nimeanza asubuhi, sasa niko ukurasa wa themanini na sita, na macho yanauma.

Kikao ni kesho saa nane. Kusoma nitaanza wiki ijayo, nikipata nafasi.