Asili ya Ganda la Mzinga

Watu walimwita Profesa, naye hakuwahi kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kutambua asili ya maganda ya mizinga ya vita vya zamani, yale ya shaba ambayo wengi huyatumia kuwekea miavuli. Aligeuza ganda, akasoma chapa za kitakoni, akataja kiwanda na mwaka. Likikosa chapa ya maana, alilinunua kwa bei ya chuma chakavu, akaligongea chapa nyingine chumbani kwake, kisha akamuuzia mkandarasi mstaafu, mzee aliyependa sana vita ambavyo hakupigana.

Asubuhi moja, mlangoni kwa fundi cherehani, aliona ganda limejaa rula. Kazini alikuwa na kanuni moja: kuangalia mara moja tu, maana jicho la pili hupandisha bei. Akaliinamisha kana kwamba anatafuta pa kuegemea, akachungulia. Chini ya vumbi la chaki aliona nyota, taji na mwaka wa mzingiro mashuhuri.

“Mama, nakuonea huruma,” alisema. “Hili limetoka kiwanda cha masufuria. Nikusaidie kulitupa?”

“La marehemu mume wangu hilo. Silitupi.” Fundi hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

“Basi taja unachotaka.”

“Miguu imechoka kupelekea watu nguo.” Akaelekeza kidevu nje. “Ile pikipiki yako.”

“Mama! Pikipiki kwa sufuria?”

“Si umesema unanionea huruma?”

Profesa aliigeukia pikipiki. Bila pikipiki asingefika minadani, wala asingewakimbia wateja waliokwisha kugundua ulaghai wake. Lakini mkandarasi angelipa pikipiki tatu kwa nyota ile. Akatoa ufunguo, akatoa na kadi, akaondoka kwa miguu na ganda begani kama mtu aliyeshinda vita.

Mkandarasi alimkaribisha chai, akavaa miwani, akafuta chaki kwa kidole gumba.

“Asili yake, Profesa?”

“Kiwanda cha kifalme, mzee. Nyota hii walipewa mafundi wachache mno.”

“Nyota nzuri. Ila ncha yake moja fupi. Hebu tazama.”

Profesa akaangalia mara ya pili. Ncha ilikuwa fupi kweli, kwa sababu chuma chake cha kugongea chapa kilianguka sakafuni kikamegeka.

“Uliniuzia wewe mwaka jana,” mzee alisema kwa upole, akimwongezea sukari. “Nilipogundua nikampa dada yangu, yule fundi. Akasema, kaka, tuliweke tu mlangoni, mwenyewe atapita. Kunywa chai, mwanangu, inapoa.”

Nje pikipiki iliguruma, ikapiga honi, ikakata kona na mzigo wa nguo.

Profesa alibaki na ganda mapajani. Katika yote aliyowahi kuyatolea ushahidi, hili ndilo pekee ambalo aliijua asili yake bila kubahatisha: chumbani kwake, chini ya dirisha, kwa nyundo ya kuazima.