Mzaramo wa Stesheneri

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Mkuza, Kibaha

Leo nimeona njia ya kutoka. Imeingia yenyewe dukani saa nne asubuhi, imevaa hijabu ya bluu, ikataka kuskani vyeti.

Anaitwa Mwanahalima, binti wa Maneromango, amemaliza chuo mwaka huu. Alikuja na tangazo. Nikalisoma huku namtolea kopi, kisha nikatoa kopi moja ya ziada, ya kwangu. Mafunzo na utafiti wa jenomu, yaani ramani nzima ya vinasaba vya mtu. Mwaka mzima. Maabara ya kweli. Posho, kompyuta mpakato. Wanaotakiwa: vijana wenye shahada kutoka jamii za wenyeji. Huku kwetu wenyeji maana yake Wazaramo. Nafasi: moja.

Shahada ninayo. Baiolojia. Iko ukutani juu ya mashine ya kopi, nimeipiga leminesheni mara mbili. Mwaka wa pili chuoni tulitoa vinasaba vya ndizi kwa sabuni, chumvi na spiriti. Nyuzi nyeupe zikapanda juu kwenye glasi, nikazikodolea macho mpaka mwalimu akanifukuza. Sijafurahi vile tena tangu siku ile. Naandika hivi bila aibu kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Tatizo ni moja, tena dogo. Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge.

Lakini nimekaa Kibaha tangu darasa la nne. Maji yake nimekunywa, malaria yake nimeugua. Nimemuuliza Shangazi Laurensia, ambaye duka ni lake na nyumba ni yake, mwenyeji ni nani hasa. Akasema mwenyeji ni yule anayepokea wageni, kwa hiyo mwenyeji ni yeye, na mimi ni mgeni niliyepitiliza siku. Akanikumbusha tulivyokubaliana: Septemba ikiisha sina kazi, napanda basi la Sikonge nikamsaidie baba kukausha tumbaku. Hatukukubaliana. Aliamua.

Mwanahalima nimemwambia mtandao umekata, fomu yake nitaituma kesho. Sikusema kesho ya lini.

Jumanne, 9 Septemba

Shangazi ameituma. Aliikuta mezani, akauliza kwa nini bado ipo. Nikasema mtandao. Akasema ajabu, maana muda huo huo alikuwa anaangalia mahubiri kwenye simu, na mchungaji hakukatika hata sekunde. Akaituma mwenyewe, na kabla ya hapo akamrekebishia binti wa watu koma mbili.

Sawa. Ushindani sijawahi kuuogopa.

Fomu yangu nimejaza mchana. Vyeti vinasema Castory Mihayo. Nimeongeza jina la tatu: Pazi. La Kizaramo, fupi, linakaa vizuri kwenye karatasi. Na Castory si tatizo, kwa sababu Maneromango kuna misheni ya Kilutheri ya miaka mingi, Wakristo wamejaa. Hapa nimejipongeza. Mtu mwingine angehangaika kubadili na dini.

Kinachobaki ni barua ya mwenyekiti wa kitongoji ya kuthibitisha asili yangu. Yaani nahitaji kijiji.

Alhamisi, 11 Septemba

Jabiri, kinyozi wa mlango wa pili, ni mtu wa Maneromango kabisa. Tuna utani naye, kama ilivyo kwa Mzaramo na Mnyamwezi yeyote tangu enzi za mababu. Kila akininyoa ananiambia babu zangu walikuja pwani na mizigo kichwani, na nikiangalia vizuri kwenye kioo nitaona haijatuliwa. Mimi namwambia Mzaramo akikutana na jembe njiani hulisalimia kwa mbali. Hakuna anayenuna. Ukinuna umevunja mila.

Nimemwomba anifundishe Kizaramo kidogo cha heshima, cha kujitambulisha mbele ya wakubwa. Sikumwambia cha nini. Akaniangalia muda mrefu, wembe uko shingoni kwangu. Kisha akanifundisha sentensi moja ndefu yenye lahani nzuri. Nikamuuliza maana yake. Akasema ni vigumu kuitafsiri, lakini wazee wakiisikia watanitambua mara moja.

Nimeiandika kiganjani kwa peni. Nimeirudia mara arobaini. Shangazi ameuliza kama nina homa.

Jumamosi, 13 Septemba. Maneromango

Bodaboda kutoka Kisarawe. Barabara ni mashimo yaliyounganishwa kwa udongo. Nimeshuka nimekuwa mwekundu kuanzia nyusi.

Mwenyekiti wa kitongoji ni Bi Mboni, mama wa makamo, miwani ya kamba. Nikamkuta msibani. Mzee Hashiru, miaka tisini, amefariki alfajiri. Ningekuwa na akili ningerudi baada ya wiki. Lakini mwisho wa kupeleka maombi ni Jumatano, na mbele ya macho yangu niliona tumbaku.

Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, nikatoa sentensi yangu bila kuangalia kiganja. Wanawake mkekani wakavuta mitandio mdomoni. Mzee mmoja akapaliwa na kahawa. Bi Mboni akaniuliza taratibu nani amenifundisha. Nikasema bibi mzaa baba. Akasema basi bibi yangu alikuwa mtu wa mzaha, kwa sababu nimemwambia kwamba mimi ni mbuzi wa mtani na nimekata kamba.

Akaniambia nikae, mambo ya barua baada ya maziko. Nikakaa upande wa wanaume, nimeinamisha kichwa kama Mzaramo mwenye majonzi.

Na hapa ndipo pa ajabu. Msiba ulikuwa mkavu. Watu wanalia tu, hakuna wa kuwapumzisha. Nikasikia wakinong'ona kwamba watani hawakutokea. Mnyamwezi wa kijiji alihamia Mbezi kwa mwanawe, na Msukuma wa duka la dawa amesafiri. Mjane amekaa mlangoni, uso umekauka. Mimi nimekua nikiburutwa na Shangazi kwenye kila msiba wa Wazaramo, namwona akizuia jeneza, akinyakua sufuria, akimtukana marehemu mpaka wafiwa wanashika mbavu. Mambo haya yako ndani ya damu. Au yako miguuni, sijui.

Jeneza lilipoinuliwa, nikajikuta nimelala chali katikati ya njia. Nikasema hapiti mtu. Nikasema Mzee Hashiru hajafa, amesikia tu kwamba leo ni zamu yake kulima. Nikadai baiskeli yake, kwa maana huko aendako hata wakimpa, Mzaramo hawezi kupanda mlima. Watu wakacheka na machozi yanawatoka. Yule mjane akacheka mpaka akashikiliwa. Akasema mtani amekuja, mtani amekuja, sasa mume wangu anazikwa kama watu. Wakaikomboa njia kwa jogoo, nikapisha.

Nilijisikia vizuri mno. Ilikuwa kama siku ya ndizi. Halafu nikakumbuka kwamba nimekuja kuwa Mzaramo.

Nikajua yamekwisha. Lakini Bi Mboni, baada ya chakula, akaniita, akauliza nimelelewa na nani, nikamtaja Shangazi, akapiga makofi. Akaandika barua ndefu, akaifunga na gundi, akagonga muhuri juu ya gundi. Akasema nimewafaa sana.

Nimerudi na bahasha na jogoo. Bahasha nimeimulika kwenye taa, neno moja tu linasomeka: "halali". Halali! Sihitaji kuona zaidi. Jumatano naipeleka ofisi ya utafiti, Kisarawe, kwa mkono wangu.

Jumatatu, 22 Septemba. Kisarawe

Usaili. Nje ya mlango nimekutana na Mwanahalima anatoka. Akanishukuru kwa kumtumia fomu, hasa zile koma. Nimepokea shukrani.

Ndani kuna watu watatu, mkubwa wao Dokta Atupele, mama mpole anayeandika kwa penseli. Akaniuliza tofauti ya jeni moja na jenomu nzima. Nikajibu. Akauliza kwa nini ni muhimu vijana wa jamii yenyewe wasomee utafiti huu badala ya kubaki wa kutolewa damu tu. Nikajibu kwamba mtu akisomwa bila yeye kujua kusoma, atasomwa vibaya. Akaandika. Dakika kumi nilikuwa mwanasayansi. Nilitaka ziwe kumi nyingine.

Kisha akafungua bahasha, akasoma kwa sauti. Nanukuu, kwa sababu nimepewa kopi:

"Mimi Mboni, mwenyekiti wa kitongoji, nathibitisha kuwa Castory ni mtani wetu halali, Mnyamwezi safi, kalelewa na mtani wetu mkubwa Laurensia wa Mkuza anayejulikana kila msiba kutoka Kisarawe hadi Janga. Ametuzikia mzee wetu vizuri. Naomba apewe anachotaka, isipokuwa Uzaramo, maana huo hatuna wa kugawa."

Nikaeleza kwamba Uzaramo ni dhana pana. Nikaeleza kuhusu malaria. Mmoja wao akatoka nje, nikamsikia akicheka ukumbini.

Alhamisi, 25 Septemba

Mwanahalima amekuja dukani. Nafasi amepata yeye. Nikampa hongera kwa meno ya mbele.

Hakuja kujisifu, alivyodai. Kazi imekwama. Wanatakiwa kukusanya mate ya wazee kwenye vichupa, na wazee wamekataa. Wanauliza mate yao yanapelekwa wapi na kwa mganga gani. Yeye mwenyewe ni mjukuu wao, hawezi kuwalazimisha. Kwa hiyo Dokta Atupele ameongeza nafasi ya pili: mtani. Mnyamwezi au Msukuma, kwa sababu mtani hanuniwi na hakataliwi. Mwaka mmoja vijijini pamoja naye, na ndani ya mwaka huo mafunzo yale yale ya maabara. Dokta amesema majibu yangu yalikuwa mazuri kuliko ya wote, na jina la kwanza alilotaja ni langu.

Akanipa fomu. Mistari sita. Akaniambia mara mbili, tena polepole, kwamba kwenye kabila niandike lile nililo.

Mimi si mtoto. Mshindi anamfuata aliyeshindwa mpaka dukani kwake ili amsaidie? Wanachotaka ni nikiri kwa mwandiko wangu kwamba nilidanganya, wakaweke kwenye faili. Mtu mwenye msimamo habadiliki kwa wiki mbili. Nimeandika: Mzaramo. Kwenye uhusiano na jamii ya utafiti nimeandika: nimezaliwa nayo. Nikaifunga vizuri, nikampa.

Shangazi, aliyekuwa anajifanya anahesabu rimu za karatasi, akaomba kopi ya fomu tupu. Nikampa. Ana tabia ya kukusanya karatasi.

Jumanne, 30 Septemba

Wamempa Shangazi.

Laurensia Mihayo, miaka hamsini na minane, darasa la saba. Jana alikwenda Maneromango na vichupa thelathini kwenye kapu, akamwambia mzee wa kwanza kwamba Mzaramo ni mchoyo hata wa mate, na kabla ya adhuhuri vichupa vyote vimejaa na wengine wamepanga foleni kuthibitisha kwamba wao si wachoyo. Dokta Atupele amempigia simu mwenyewe. Mwezi ujao Shangazi anaanza maabara. Watamfundisha kutoa vinasaba. Ameniuliza jioni hii, bila ubaya wowote, kama ni kweli vinaonekana kama nyuzi nyeupe. Nikasema ndiyo. Nikaenda bafuni nikafungua bomba nikalia kidogo.

Mwanahalima naye amepiga. Akasema walinisubiri mpaka Ijumaa, Dokta akaishika fomu yangu akairudia mara tatu, akauliza kama kuna Castory mwingine. Akasema aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya huruma, na hilo ndilo limeniuma.

Basi la Sikonge ni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi iko chini ya stepla.

Lakini nimekaa, nimefikiri kisayansi. Nafasi ile ni ya mtani, na mtani hawezi kuwa Mzaramo. Shangazi ni dada wa baba yangu, tumbo moja. Mimi ni Mzaramo, imeandikwa, iko kwenye faili ya Dokta, kwa sahihi yangu. Sasa kama mpwa ni Mzaramo, baba yake ni nini? Na dada wa baba yake ni nini? Vinasaba havidanganyi. Barua isiyo na jina kwa Dokta nimeshaichapa, hapa hapa dukani, kwa karatasi ya Shangazi. Nimemwomba aipitie koma.