Jogoo wa Mfano

Kutoka Newala mpaka Masasi, wakati ujao wa Kiingereza ulikuwa na mwenyewe: Bartholomayo, fundi baiskeli wa Mkunya! Alijitangaza mwenyewe, na kwa kuwa hakutokea wa kumpinga, cheo kikamkaa.

Kila Jumamosi asubuhi alisogeza baiskeli mbovu pembeni, akatundika ubao, akafundisha watu wazima kumi na wawili. Suruali imejaa grisi, lakini shingoni tai!

"Ukishasema 'will', kitendo kinakuja kitupu!" alinguruma. "Hakina 'to', hakina 's', hakina mkia wowote! Na ukisema 'will' umeahidi. Hurudi nyuma!"

"Tupe mfano, Mwalimu," akasema Swalehe, dereva bodaboda wa Chiungutwa. Huyu alikuwa mtani wake, na mtani akiuliza kwa adabu namna ile, ujue kuna jambo.

Bartholomayo akatafuta mfano unaolingana na hadhi yake. Jogoo wake mwekundu akapita, kifua mbele. Fundi akaandika kwa mbwembwe: "I will give Swalehe this rooster."

"Yaani, nitampa Swalehe jogoo huyu!"

Darasa likapiga makofi. Swalehe akainuka, akamkamata jogoo, akamfunga miguu, akamning'iniza kwenye usukani wa pikipiki.

"Wewe! Ule ni mfano tu!"

"Ndiyo, Mwalimu. Nimeuelewa, nauchukua."

"Jogoo huyo ni wa mama mkwe! Anakuja kesho kutoka Tandahimba!"

Hapo jasho lilimtoka kwelikweli. Mara mbili mama mkwe alikuja akapewa kisamvu badala ya kuku, na akasema wazi: akikikuta tena, anaondoka na binti yake Oliva.

Lakini mtani hakasirikiwi. Ukimnunia, umechekesha mji mzima.

"Mbona rahisi," akasema Swalehe. "Waambie wenzangu kwamba sentensi umeikosea. Nikisikia umekosea, namshusha."

Wanafunzi kumi na mmoja wakamgeukia Mwalimu. Dorika, aliyeishia darasa la nne, akashika kalamu ya kusahihishia.

Bartholomayo akamtazama jogoo. Akautazama ubao. Kumpenda mke alimpenda, hilo halina ubishi. Ila yeye, kukosea 'will', mbele ya Dorika?

"Sentensi," akasema, akiikaza tai mpaka macho yakamtoka, "ni sahihi!"

Makofi! Vigelegele! Pikipiki ikaondoka kuelekea Chiungutwa, jogoo akiwika njia nzima.

Jumapili mama mkwe akafika. Kwa heshima ya ukwe, Bartholomayo alijibanza nyuma ya nyumba, maneno yote yapitie kwa Oliva.

"Shikamoo, mama. Karibu chakula."

"Marahaba, mwanangu." Mama akafunua bakuli. Kisamvu! "Jogoo wangu yuko wapi?"

Oliva akaeleza yote: ubao, mtani, sentensi.

"Na hiyo sentensi ilikuwa sahihi?"

"Sahihi kabisa, mama."

Nyuma ya nyumba kikasikika kikohozi cha fahari.

Mama mkwe akalisukuma bakuli kando.

"Vizuri. Mwambie mumeo aichinje hiyo sentensi, aipike. Wewe funga nguo zako wakati tunasubiri iive."