Bomba la Fungate

Jumatatu, 3 Machi 1947

Bafu la juu limekwisha! Sakafu ya saruji, kishubaka cha sabuni, mlango wenye komeo. Ijumaa baada ya Alasiri binti yangu Khairiya anaolewa, na bwana harusi, Abdulhalim, atakaa fungate hapa kwetu, siku saba nzima. Jamaa zake wamesema wazi: asipokuwa na bafu lake mwenyewe, fungate itahamia kwao. Mke wangu Mwanakuu amesema ikihama hatatoka tena nje kwa aibu, na mimi nitajipikia.

Limebaki jambo moja. Bomba limeshuka ukutani mpaka uani, lakini halijaungwa na chemba ya maji machafu. Na chemba iko upande wa pili wa ukuta, katika ua wa jirani yangu Zein! Nyumba hizi zilikuwa moja zamani za mababu. Wakagawana vyumba, wakasahau kugawana shimo.

Mwanakuu anasema nikamuombe tu. Kamwe! Zein aliwaambia watu wote barazani hapa mtaani Kibokoni kwamba kanzu niliyomshonea ina mkono mmoja mrefu. Miezi miwili hatusalimiani. Yeye ndiye mwenye mkono mfupi. Nilimpima mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfukuza fundi Ngumbao. Anataka Zein aombwe, wanawake wa kule wapishe uani, kifuniko kifunuliwe, aone maji yanaelekea wapi, ndipo atoboe. Anasema bomba liingie juu ya mkondo, liinamie chembani, na kona yake ifuate yanakokwenda maji. Maneno mengi kwa tundu moja! Mimi fundi cherehani wa miaka ishirini. Kuunga ni kuunga.

Nikachimba mwenyewe chini ya ukuta. Patasi na nyundo, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ikatokeza! Nikasikia kama mtu anakohoa upande wa pili, kisha kimya. Nikapenyeza bomba, nikafunga kiungo kwa kitambaa cha marekani na lami, mishono miwili. Safi kabisa.

Mwanakuu nimemwambia Zein ameridhia. Akanitazama sana, akasema alhamdulillah.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Ua umejaa maji, wala si yangu. Yana povu la sabuni ya Zein na magamba ya samaki changu, nasi jana tulikula maharagwe. Tundu langu liko chini mno, na bomba limeinamia kwangu. Kiungo kimeachia, mishono yote miwili. Leo nyumba nzima ya Zein imeoga, mmoja baada ya mwingine, mpaka paka nadhani. Masufuria ya pilau tuliyoazima yanaelea. Siwezi kulalamika, maana nitaulizwa maji yamepitia wapi.

Nikapata shauri. Nikaandika barua: Manispaa yaamuru nyumba hiyo isimwage maji hadi wiki ijayo. Sahihi, Bwana Afya. Nikaipenyeza chini ya mlango wa Zein. Jibu limekuja kabla ya Alasiri, chini ya mlango wangu. Anashukuru kwa taarifa, na kesho asubuhi atamleta Bwana Afya mwenyewe, akague chemba na kila bomba lililoingia humo. Sijui alijuaje pa kulipeleka.

Nimekwisha. Nitashtakiwa, bomba litang'olewa, fungate itahama. Khairiya yuko ndani anapakwa hina, anacheka na wenziwe, hajui kitu. Nilipomsikia, machozi yalinitoka. Chakula sikukigusa.

Alhamisi, 6 Machi

Hodi saa tatu! Nikakimbilia bafuni juu, nikatia komeo. Mwanakuu akaniita nishuke, hakuna Bwana Afya. Ni Zein, na nyuma yake Ngumbao na mkoba wake wa vyombo.

Kumbe! Baina ya nyua zetu kuna mlango mdogo, wanawake hupita bila kutoka njiani. Miezi yote miwili tuliyonuniana, Mwanakuu na Bi Nana, mke wa Zein, hawakuacha kuazimana chumvi. Jumatatu ile ile Mwanakuu alikwisha omba, na Zein alikwisha kubali! Jumanne akawapeleka wanawake juu, akafunua kifuniko, akaketi na kahawa yake kumngoja fundi.

“Badala ya fundi ikaja patasi, Kamaludin,” akaniambia. “Karibu initoe kikombe mkononi.”

Akanyamaza kusudi, aone nitafika wapi. Na barua je? Akauliza ni Bwana Afya gani huyo anayeandika kwa chaki ya kukatia kanzu.

Nilitamani kuingia chembani. Ngumbao akaziba tundu langu, akatoboa jingine juu yake, akaliinamisha bomba inavyopasa. Mwanakuu akamwaga kule juu ndoo ya maji yenye buluu ya kufulia. Sote tukainama shimoni, mimi na Zein bega kwa bega. Yakaja! Ya buluu, taratibu, yakafuata mkondo, yakaenda zake. Nikamkumbatia Zein. Nafuu niliyoipata siwezi kuiandika.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi imepita salama. Abdulhalim ameoga mara tatu tangu jana, na ua ni mkavu. Mwanakuu anaimba jikoni. Zein alihudhuria na kanzu ile ile, mkono mmoja ameukunja, nikaketi naye mbele. Roho yangu nyeupe.

Nikifikiri vizuri, shauri langu lilikuwa sawa tangu mwanzo. Ngumbao alipandisha tundu kidogo tu.

Leo nimeona jambo. Birika la Zein la saruji, la kukingia maji ya mvua, limegusana na ukuta wetu wa nyuma, na bwana harusi anaoga sana. Kibomba chembamba kingetosha. Kumuomba ni kumsumbua bure, hasa sasa tumepatana. Patasi ninayo.

Nimemwambia Mwanakuu Zein ameridhia. Akanitazama, akasema alhamdulillah, akapita mlango wa uani. Sasa hivi namsikia Bi Nana akicheka, na Zein akiagiza kahawa.