Mchuzi wa Tango Unaofaa Kila Mtu

Jumatatu, 3 Agosti 1987. Mwingi.
Mama Wanjiro wa ng'ambo ya barabara ameanza kuuza samosa. Wateja wote wamehamia kwake, hata mbwa wangu. Nimekaa hotelini kwangu peke yangu hadi saa nane nikifikiria. Nikamkumbuka Mgiriki niliyempikia zamani kwenye shamba la mkonge, Kibwezi. Alikuwa na mchuzi mmoja wa kulia kila kitu: maziwa lala yaliyochujwa kwa kitambaa, tango lililokunwa na kukamuliwa maji, kitunguu saumu, chumvi. Basi. Nikamweleza mke wangu Mbinya kwamba siku hizi kila mtu ana chakula alichokatazwa, na mwenye mchuzi unaoruhusiwa kwa wote atawashinda wenzake. Mbinya akauliza kama nimekula.

Jumanne, 4 Agosti.
Mwalimu Kavata anapunguza mwili kabla ya harusi yake. Nilimwambia mchuzi hauna mafuta. Akala bakuli mbili kwa chapati nne, akasema tayari anajisikia mwepesi. Baba mkwe, Mzee Mulei, ana ugonjwa wa sukari. Nilimwambia hauna sukari. Yote mawili ni kweli. Sikuwa nimewahi kuuza kitu kwa kusema kweli. Hisia ngeni.

Jumatano, 5 Agosti.
Kanisa limeanza mfungo wa Danieli, siku kumi za mboga na maji. Nilimweleza Pasta Mwangangi kwamba ng'ombe hula majani tu, kwa hivyo maziwa ni mboga iliyopitia njia ndefu. Pasta alikuwa na njaa. Akakubali. Waumini kumi na wawili wakaketi. Mama Wanjiro akavuka barabara, akauliza kwa upole mbele ya wote, "Baba Nzioka, kwako ng'ombe hupandwa mwezi gani?" Pasta akaweka kijiko chini. Wengine wakamfuata, isipokuwa mmoja aliyemaliza kwanza.

Alhamisi, 6 Agosti.
Madereva wa malori ya Garissa. Hao hula nyama tu. Niliwamwagia mchuzi juu ya mbuzi, wakasema ni mchachu, nikaoshee nao sufuria. Nikatia sukari vijiko kumi na samli. Wakalamba sahani. Sufuria ni ile ile moja. Nani ana nguvu ya kuosha mbili?

Ijumaa, 7 Agosti.
Mzee Mulei alifika asubuhi, akala bakuli tatu bila wasiwasi. Akanisifu, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Akasema leo mchuzi umekuwa mtamu. Nikamwambia matango yameiva.
Saa saba alikuwa amemaliza mtungi wa maji na haoni vizuri. Mbinya akaonja sufuria. Tulimpeleka hospitali kwa lori, dereva akiusifu mchuzi njia nzima. Nilikaa kwenye benchi nje. Ukoo mzima ulinikataa nilipoenda kuposa. Mzee peke yake ndiye aliyesema nipewe nafasi.
Jioni daktari akatoka, akasema atapona. Akauliza alikula nini. Nikajibu, tango.

Jumapili, 9 Agosti.
Mzee yuko nyumbani. Mimi siruhusiwi kuingia. Mbinya amechukua kikunio na kwenda kupika kwa Mama Wanjiro. Mzee anatengenezewa mchuzi wake kando. Mwalimu Kavata ameambiwa vijiko viwili, na kwamba shida yake ni chapati. Pasta ameambiwa asubiri mfungo uishe. Kila mtu anaambiwa ukweli wake, na bado hakuna nafasi ya kukaa! Sielewi biashara ya namna hiyo.

Jumatatu, 10 Agosti.
Nimejichunguza kwa makini. Kosa ni la Mwingi. Watu wa hapa wana magonjwa yasiyopatana. Kesho nahamia Migwani. Nimeulizia, kule wengi wana presha na wamekatazwa chumvi. Nitawaambia mchuzi hauna chumvi. Nitatia kidogo tu, wapate ladha.