Simba wa Asafo Aliyegeuka Kijani

Jumatatu, 3 Juni
Kazi nimeipata! Supi Abaka, mkuu wa Asafo Namba Moja, kikosi cha jadi cha mtaa wetu, kanipa mimi, si fundi mwenzangu Fiifi Quansah, niipake upya sanamu ya simba wa jengo lao. Fiifi kanuna. Rangi zao ni bluu na manjano. Kijani ni mali ya mahasimu wao, Namba Mbili, na mjini kwetu watu hushikiana mapanga kwa rangi ya mwenzao. Babu alikatwa sikio katika ugomvi huo. Supi kauliza kama naelewa. Nikamjibu mimi ni fundi: rangi za msingi, za joto, za baridi, zote kiganjani. Alhamisi wanakuja kukagua.

Jumanne, 4 Juni
Manjano imegoma kukauka. Fiifi kapita, kanishauri nisubiri. Wivu tu! Nikapaka kivuli cha bluu juu yake papo hapo. Kivuli safi! Kisha mvua.

Jumatano, 5 Juni
Mungu wangu. Bluu imeteremkia manjano. Simba kijani, shingoni hadi mkiani! Nikakumbuka nyeupe hufifisha rangi kali. Nikaongeza nyeupe. Kijani ikachangamka, sasa inaonekana hadi sokoni! Nimemfunika turubai. Dada yangu Araba kasema, "Kaungame, Ekow, ungali na masikio mawili." Nimekataa. Nina mbinu.

Alhamisi, 6 Juni
Turubai lilipofunuliwa, nilimweleza Supi kwamba kijani ile ni ya machoni tu: ukikodolea sana kitu chekundu, ukigeuka waona kijani. Akawaita wazee tisa. Wote wakaona kijani. "We mtoto, unatuona mazuzu?" Namba Mbili wakaja kumpigia simba makofi. Ngoma ikalia, mapanga yakatoka. Nikajificha chini ya meza ambayo Araba huuzia kenkey, madonge ya unga wa mahindi. Watu wangekufa kwa ajili yangu! Fiifi ndiye aliyepanda akamkwangua simba rangi ile mbele ya wote, ngoma ikanyamaza. Nimetozwa faini ya kondoo. Nimeapa kutogusa rangi ya watu.

Jumapili, 9 Juni
Namba Mbili wamenipenda! Wanataka nimpake nyangumi wa jengo lao, kijani tupu. Hofu haijanitoka, kopo likianguka naruka. Nimeapa tena, mbele ya mkuu wao. Lakini kijani peke yake imepooza. Haiwaki bila mpinzani wake, nyekundu. Nyekundu ni ya Namba Tatu, najua. Nitaweka ukanda mwembamba tu, kwenye mkia.